Barabara Iliyofungwa kwa Ajili ya Mama

Siku tuliyomzika baba, mlangoni mwa uwanja wetu palikuwa na ndoo ya bomba, kipande cha sabuni, na kijana wa kamati aliyesimamia watu wanawe mikono. Ilikuwa ile miaka ya juzijuzi ya barakoa na kukaa mbalimbali, ambayo hakuna haja ya kuwakumbusha. Nilifungua bomba nikanyoosha mikono, na harufu ya maji ya dawa ikanipanda puani. Nikairudisha mikono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kijana akadhani mimi ni miongoni mwa wale wabishi, akaniambia kwa adabu kwamba ni kwa usalama wetu sote. Nikanawa. Ningemwelezaje mtoto wa watu, kwenye msiba, kwamba harufu ile naijua tangu mama yake hajazaliwa?

Nyuma yangu foleni ilikuwa inabishana. Mmoja anasema ndoo hizi ziliwekwa ili watalii waone tumetii, warudi Ngorongoro, wenye magari wapate abiria. Mwingine anasema ni ulaji wa wakubwa. Bibi mmoja anasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti, kwamba dawa yenyewe ndiyo inayoleta ugonjwa. Hakuna aliyesema inazuia nini. Nilicheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Maneno yale yote niliyasikia utotoni mahali palepale, ila wakati ule yalihusu gogo lililolazwa barabarani.

Ninyi wa umri wangu mliokulia huku juu mtalikumbuka gogo lile, au mlikuwa na lenu. La kwetu lilikuwa chini, kabla ya daraja, limekaa juu ya mapipa mawili yaliyopakwa chokaa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shule, zahanati, na barabara inayoteremka kwenda Baray hadi Ziwa Eyasi. Upande wetu kulikuwa na kijiji, na juu ya kijiji shamba kubwa la kahawa, ambako baba alikuwa akipogoa mibuni. Baba alikuwa Mnyiramba, alikuja kutoka Singida kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Mama alikuwa Mwiraqw wa hapohapo. Tulikaa kwenye kiwanja cha bibi yangu mzaa mama, niliyemwita aama kama Wairaqw wanavyowaita bibi zao. Baba alilala kambini shambani siku za kazi, akaja nyumbani Jumamosi jioni akinuka majani ya kahawa na tumbaku.

Kabla ya gogo, mdogo wangu alifariki. Alikuwa bado ananyonya. Alipata homa, akaacha kulia, na kimya chake ndicho kilichotuamsha. Hapo ndipo nilipoijua metimani. Kwa Wairaqw wa zamani, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya alitengwa, yeye na nyumba yake, mpaka wazee watakapokuja kumwosha. Haombi moto kwa jirani wala haombwi. Ng'ombe wake hawachangamani na ng'ombe wa wenzake. Hachoti maji kwenye chemchemi ya wote. Kubwa kuliko yote, havuki mto, maana mauti yaliyomgusa yatavuka naye yakawashukie watu wa ng'ambo. Nyumba nyingi za Wakristo zilikuwa zimeanza kuiacha desturi hiyo, na padri aliisema vibaya kila alipopata nafasi. Aama alikuwa Mkristo kwelikweli, wa kutembea kwa mguu hadi kanisani hata mvua inyeshe, lakini kwenye hili alimwacha padri aseme peke yake.

Kwa hiyo watu walianza kuzungumza nasi kutoka mbali. Jirani akija anasimama nje ya ua wa minyaa, anaita, anaweka kitu chini, anaondoka, ndipo mimi naenda kukichukua. Shuleni nilikwenda, kwa kuwa shule ni ya serikali na serikali haina metimani, na mto nilivuka kwa sababu aama alisema mtoto hana mzigo. Lakini nilikaa dawati langu peke yangu. Maji yetu tulichota kwenye kidimbwi bondeni, chini kabisa ya pale kijiji kizima kilipofulia nguo na kunywesha mifugo. Yalikuwa na ladha ya sabuni kwa mbali. Nakiri niliyapenda, niliona ni maji ya watu safi.

Nilimuuliza aama mama amefanya kosa gani. Aama alikuwa anapeta mtama, hakusimamisha ungo.

"Hajafanya kosa. Anajifunga ili watoto wa wenzake wasife."

Lilikuwa jibu zuri, na mpaka leo sijasikia mtu wa serikali yoyote akilieleza jambo la kujitenga kwa maneno machache kuliko hayo. Lakini sikio la mtoto lina njia zake. Mimi nilisikia kwamba watoto wa wenzake watakufa, mama akifungua. Nikaanza kumchunga. Akisogea karibu na ua, namwita arudi, nasingizia tumbo linaniuma au mbuzi kaingia jikoni. Mama alikuwa anakuja, ananishika shavu, anauliza mbuzi yuko wapi, na hatukuwa na mbuzi.

Baba hakuyapenda mambo hayo hata kidogo. Alisema kwao mtu anafiwa, analia, anazika, halafu anashika jembe. Alisema hivyo kila Jumamosi, kwa upole kwanza, kisha bila upole. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, meneja wa shamba akatangaza kwamba nyumba ya mfanyakazi isiyotoa mchumaji itanyang'anywa kipande cha mahindi kinachopakana na shamba. Kipande kile ndicho kilichotulisha. Baba akamwambia mama aende kuchuma. Aama akasema bado hajaoshwa. Baba akasema, basi wamwoshe kesho, na kama hawawezi kesho, mahindi hayawezi kumsubiri mzee anayesubiri mvua. Wazee, kweli, walikuwa wamesema watamwosha mvua zikianza.

Mama alikwenda. Alipita njia ya pembeni, si njia ya wote, akabeba birika lake na kikombe chake, akaomba mstari wa mwisho wa mibuni ulio peke yake. Siku zisizo za shule nilikwenda naye. Nakumbuka vidole vikinata utamu wa kahawa mbivu, na harufu ya maganda yaliyooza kutoka kwenye mashine ya kumenyea, harufu inayofanana na pombe iliyokaa. Mstari wa jirani ulikuwa wa mama yake Paskalina, rafiki yangu wa darasa moja, aliyekuwa amemfunga mgongoni mtoto wake mdogo. Siku moja mama yake Paskalina alisahau, au alijisahaulisha, akamsalimia mama kupitia katikati ya matawi, akamtania kwamba anachuma polepole kama mke wa meneja. Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mdogo wangu afe, nikaogopa, nikaangalia kama kuna mtu amesikia.

Kisha habari ikapanda kutoka ziwani. Watu walikuwa wanaharisha na kutapika, na mtu aliyeamka mzima asubuhi jioni anachimbiwa kaburi. Jina la kipindupindu lilitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliye chumba cha pili. Baada ya siku chache bwana afya wa wilaya akaja na Landrover, gogo likalazwa barabarani, na chini ya gogo likatandazwa gunia lililoloweshwa dawa ili anayeruhusiwa kupita alikanyage. Mnada ukafungwa, pombe ikakatazwa, shule ikafungwa, misiba ikakatazwa mikusanyiko. Darasa letu likawekewa vitanda vya kamba. Kijana wa kijiji aitwaye Tluway, ambaye mpaka juzi yake alikuwa anachunga mbuzi, akavalishwa sare ya mgambo na kuwekwa pale kwenye gogo. Sare ilimpwaya, lakini sauti alikuwa nayo.

Gogo liliwekwa kwa ajili ya nini? Bwana afya aliwaeleza watu kwenye mkutano ofisini: chemsheni maji, chimbeni vyoo, msisafiri, mgonjwa aletwe upesi. Nyumba yetu haikuitwa mkutanoni, nani amwalike mtu wa metimani kwenye mkutano? Kwa hiyo sisi tulipata maelezo kutoka nje ya ua, kila mtu na yake. Wenye mahindi walisema serikali inazuia yasiuzwe kwa magendo. Watu wa kambini walisema meneja kalipanga, ili wafanyakazi kutoka Singida na Dodoma wasitoroke kabla kahawa haijaisha, na ushahidi wao ulikuwa mzuri, kwa sababu lango la shamba nalo lilifungwa siku ileile na baba hakurudi Jumamosi. Mwalimu wa dini alisema ni fimbo ya Mungu kwa walevi. Katika watu wote hao wazee wa Kiiraqw ndio pekee waliofurahi. Walisema hatimaye serikali imeelewa metimani. Kosa lake ni moja tu, imefunga watu wote badala ya kumfunga mwenye nayo.

Na mwenye nayo alijulikana. Mdogo wake Paskalina, yule wa mgongoni, alikuwa wa kwanza kufa upande wetu wa mto.

Paskalina alikuja mpaka kwenye minyaa. Hakuwa analia. Alikuwa amenyolewa nywele, kichwa kinang'aa, amevaa sweta ya shule.

"Barabara imefungwa kwa sababu ya mama yako," akaniambia. "Akirudi ndani wataifungua."

Niliona amesema kweli. Aama aliniambia watoto watakufa, mama akatoka, akacheka, mtoto akafa, serikali ikaja na gogo. Kitu gani hapo hakieleweki? Mpaka leo nikilipanga jambo lile kwa akili ya umri ule, linakaa sawa kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Wazee wakaja. Walisimama mbali, wanne au watano na fimbo zao, na balozi wetu wa nyumba kumi akawa msemaji. Hawakumtukana mama hata kidogo. Walimwita binti yetu. Walisema wanajua hakutoka kwa kiburi, walimtaja baba kwa kumzunguka, wakasema mume mgeni hajui. Wakamwomba arudi ndani na asitoke tena mpaka mvua, ndipo wao watakuja kumwosha kwa pombe na maziwa kama inavyotakiwa, hata kama pombe imekatazwa. Mama alikuwa amepiga magoti ndani ya mlango. Alisema ndiyo. Aliposimama, nilimwona uso umelegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nafikiri tangu mtoto wa mwenzake afe alikuwa anasubiri mtu aje kumwambia hivyo.

Nikangojea barabara ifunguliwe. Siku zikapita, kila asubuhi napanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba kuangalia darajani, na gogo lipo. Nikaona labda hawajapata habari. Serikali iko mbali, wazee hawaandiki barua, nani angewaambia? Basi nikateremka mwenyewe hadi darajani. Tluway alikuwa amekaa juu ya pipa anakula muhogo. Nilimwamkia, nikatoa ujumbe wangu.

"Mama amerudi ndani. Hatoki tena. Mnaweza kufungua."

Tluway aliacha kutafuna. Alikuwa kijana mwema, nasema haya kwa sababu baadaye watu walimsema. Akaniambia barabara haikufungwa kwa ajili ya mama yangu. Imefungwa ili ugonjwa usipite. Lakini mgonjwa anapita, akasema, akanionyesha shule yetu ng'ambo. Mgonjwa akiletwa wananyanyua gogo mara moja, wanampeleka kule, wanamtia maji ya chumvi kwenye mshipa wa mkono, na wengine wameshapona. Nikamuuliza, ugonjwa haupiti ila mgonjwa anapita? Akasema ndiyo, hivyohivyo. Nikamwangalia. Nilijua mambo ya watu wazima wakati wanaficha kitu, na nikaona huyu anaona haya kunitajia mama. Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kuliko nilivyokwenda.

Mama aliugua siku hizo hizo. Ilianza asubuhi akiwa anakoroga uji, akaweka mwiko chini akatoka, akarudi, akatoka tena, halafu hakuweza kurudi mwenyewe. Kufikia jua la kichwani macho yalikuwa yameingia ndani na sauti imekuwa nyembamba. Aama alimpa maji anywe, na maji yenyewe, jamani, ni yale ya kidimbwini. Alikunywa kwa kiu hata yakammwagikia kifuani. Hakuna jirani aliyekuja, na hatukumtegemea yeyote, tulikuwa tumekubaliana.

Nilisema yale niliyoambiwa darajani. Nilisema mgonjwa anapita, gogo linanyanyuliwa, kuna maji ya chumvi. Aama akasimamisha mikono. Niliona amesikia na ameelewa, na kwamba moyo wake umegawanyika. Alimwangalia mama, akasema kwa Kiiraqw kitu kifupi, kama mtu anayeuliza. Mama akatikisa kichwa.

"Sivuki maji na hali hii," akasema. "Nilitoka mara moja, nikaua mtoto wa mwenzangu. Kule ng'ambo kuna wangapi?"

Aama hakumlazimisha. Alinituma shambani kumwita baba. Nilikimbia njia ya pembeni, mlinzi langoni akasema hakuna anayetoka wala anayeingia, amri ya meneja, lakini alipoona nilivyo akaingia ndani. Baba hakutokea langoni. Alitokea kwenye uzio upande wa chini, ametoboa njia kwenye miiba, mikono inavuja damu. Alikimbia mbele yangu mpaka viatu vikamtoka.

Alifika akamnyanyua mama kutoka kitandani, akamweka mgongoni kama mtoto. Aama alisema neno, baba akamjibu, "Mama, niache," na aama akamwacha. Tukateremka. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba birika lake, lile la kahawa, sijui la nini. Watu walitoka nje ya nyumba zao wakasimama mbali. Hakuna aliyetuzuia, na hakuna aliyetusaidia. Paskalina alikuwa kati yao, ameshikwa bega na mama yake.

Tluway alituona tungali mbali. Alinyanyua gogo peke yake, upande mmoja, akaliegemeza kwenye pipa, akasogeza gunia la dawa katikati ya njia, akaanza kutupungia mkono tuharakishe. Kwenye ukingo wa pili watu wawili wenye magauni meupe walikuwa wanakuja na machela. Harufu ya dawa ilitufikia tulipokuwa bado hatujafika kwenye gunia. Barabara ilikuwa wazi mbele yetu, yote, mpaka shuleni.

Hapo mama akasema, "Nishushe."

Baba akaendelea kutembea. Mama hakuwa na nguvu ya kupiga kelele wala machozi ya kulia, maji yote yalikuwa yamemtoka. Alisema tena, sikioni mwake, na mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Ulinitoa mara moja, nikakutii. Usinivushe. Nishushe."

Nimeishi na baba miaka mingi baada ya siku ile, nimemuuguza hadi mwisho, na nadhani najua kilichompata pale. Kama asingekuwa yeye aliyemtoa mara ya kwanza, angemvusha kwa nguvu, mama apende asipende. Mwanamume mwingine yeyote angevuka. Lakini kijiji kizima kilikuwa nyuma yake kinatazama, na kaburi la mtoto wa watu lilikuwa bado bichi, na hata yeye, Mnyiramba asiyeamini lolote katika hayo, nafikiri alikuwa ameanza kuamini. Alisimama hatua chache kabla ya gunia. Akamshusha. Akakaa chini kwenye vumbi, akamlaza mama mapajani.

Tluway alikuwa anaita, mpitisheni, mpitisheni, njia iko wazi. Wale wa machela walisimama katikati ya daraja, sijui walikatazwa kufika upande wetu au waliogopa. Nilimpelekea mama birika, akanywa kidogo. Alinitazama akaniuliza mbuzi yuko wapi. Nikasema hayupo. Alifariki jua likiwa bado kali, na gogo limenyanyuliwa.

Waliomzika walikuwa watu wa bwana afya. Walimwaga chokaa chini, wakamweka, wakamwaga chokaa juu, wakanyunyiza dawa nyumba yetu mpaka kibuyu cha maziwa cha aama kikanuka hospitali. Hakuna aliyemwosha kwa kifo wala kwa metimani. Mmoja wao alichungulia kidimbwi chetu akatikisa kichwa, akatuuliza kwa nini tunakunywa hapa wakati chemchemi iko juu. Mtu wa aina ile ungeanzia wapi kumweleza?

Baada ya hapo hakufa mwingine. Wenye elimu watasema ni dawa, ni vyoo, ni maji yaliyochemshwa, nami nasema hivyohivyo, nimesoma na mimi kidogo. Gogo likaondolewa. Asubuhi moja nilipanda kwenye kichuguu nikaona barabara tupu na lori la mahindi linavuka daraja. Nikateremka nikamwambia aama, tena kwa furaha, Mungu anisamehe, nikamwambia wamefungua. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaona. Mama alikataa kuvuka, akafa upande wake, na barabara ikafunguliwa. Kulikuwa na haja gani ya maelezo mengine? Shule ilipofunguliwa bwana afya alikuja na picha ya vijidudu vyenye mikia, akatuuliza barabara ilifungwa ili kuzuia nini, tukaitikia darasa zima, vijidudu. Paskalina alikaa dawati moja na mimi siku ile. Alinishika mkono chini ya meza. Sote tulijua ni nini kilichozuiwa.

Baba hakurudi kwao Singida. Hakuoa. Hakubishana tena na mtu kuhusu desturi ya mtu. Uzeeni, akili ilipoanza kumpotea, alikuwa akikaa nje alasiri na kusema, njia iko wazi, njia iko wazi, na wajukuu wakadhani anaongelea magari ya watalii yanayopita kwenda kreta.

Basi, siku ile ya maziko yake, baada ya kutoka makaburini, Paskalina alinifuata. Amekuwa bibi mnene mwenye miguu mibovu, alikuwa ametembea kutoka mbali na fimbo. Tulikaa kwenye kiti kirefu karibu na ndoo. Alisema pole, kisha akasema anataka kuniambia jambo kabla hajafa na yeye.

"Mama yako hatujamsahau. Alikubali asivuke, akatufungulia barabara. Wadogo zangu waliobaki wako hai kwa ajili yake. Nimewafundisha watoto wangu jina lake."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nilikuwa nayo tangu nilipoanza kuelewa: kidimbwi, sabuni, gogo lililonyanyuliwa, maji ya chumvi, hatua chache. Nilimtazama usoni. Alikuwa analia kwa dhati, kwa shukrani, na katika maisha yangu yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kumshukuru mama yangu kwa lolote. Nikamwambia asante.

Tukaitwa kwenye chakula. Paskalina alinawa harakaharaka akaninong'oneza kwamba ndoo hizi hazisaidii, ugonjwa huu hautaisha mpaka mwenye nao akubali kukaa ndani. Nikamuuliza ni nani. Akanielekezea kwa kidevu nyumba ya tofali ng'ambo ya uwanja. Kuna binti aliyeolewa pale kutoka mjini, akasema, alizika mtoto mchanga mwezi uliopita na bado anakwenda sokoni kama kawaida. Wamama wameshaenda kuzungumza naye, vizuri tu, bila matusi.

Niligeuka kuangalia. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, msichana mdogo tu, sahani yake mwenyewe mapajani, mbali na watu. Nilinyanyuka niende kwake. Aliponiona nakuja alisimama upesi, akanyoosha kiganja kunizuia, kwa adabu, kama mtu anayenitakia mema, akaingia ndani na kufunga mlango.